Get, Meza Kuu na Beberu Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata dawa ya Kiingereza! Watu wanahangaika na maneno elfu, kumbe moja linatosha: get. Kupata ni get. Kuamka, get up. Kupona, get well. Kuoa, get married. Kuelewa nako ni get hiyo hiyo! Mwalimu Scholastica alisoma miaka yote ile ya nini? Mimi nimemaliza kabla chai haijapoa.

Jumanne, 5 Agosti
Jumamosi ni sendofu ya kumuaga bibi harusi Kindness, binti wa jirani yangu hapa Maisaka. Bosi wa bwana harusi ni Mzungu, atatoa hotuba. Anatafutwa mkalimani. Mkalimani anakaa meza kuu, ubavuni mwa ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa! Sherehe iliyopita nilikaa nyuma ya jenereta, nikala wali wenye harufu ya dizeli. Safari hii sikubali.

Nimekwenda kwa Mama Kindness na shikamoo ya unyenyekevu. Akanijaribu. Kufika? Get here. Kuzeeka? Get old. Akashika mdomo. Scholastica alikuwepo, akauliza kulala. Nikajibu get sleep. Akakohoa. Wivu tu! Kazi nimepewa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepiga pasi suti. Beberu wangu katafuna tai. Nimemsamehe. Ndiye mali yangu pekee ya maana, nikimuuza naezeka nyumba kabla ya mvua. Halafu nampenda, basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzungu kaongea, kaongea. Sikusikia get hata moja! Nikasema amefurahi. Watu wakaguna: maneno yote yale, furaha tu? Nikaongeza anaupenda mji wetu wa Babati. Wazee wakanyoosha shingo kungoja zaidi. Nikaongeza anawapa wazee beberu, leo leo. Weee! Vigelegele, akina mama wakacheza mpaka meza kuu. Mzungu naye akapiga makofi.

Scholastica, huyo kiherehere, akasimama. Akaeleza kwamba mgeni kamsifu tu bwana harusi kwa kuwahi kazini. Mzee Saitabau, babu yake Kindness, akasema zawadi ikishapigiwa vigelegele mbele ya wakwe haifutwi. Kama mgeni hakuitaja, aitoe aliyeitaja. Vijana wakatumwa nyumbani kwangu, muziki ukiendelea. Beberu akaingia ukumbini na utepe shingoni. Akaniangalia mimi tu. Nimelia, sifichi.

Ndafu ilipokatwa nilikuwa nyuma ya jenereta.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetafakari tangu asubuhi. Kosa nimeliona: get ni neno dogo mno. Nilichagua vibaya, basi.

Habari njema! Halidi, mwenye duka kule Bagara, anamwoza binti yake Najma mwezi ujao, na kuna mgeni wa kutafsiriwa. Nimejitolea haraka. Halidi kanionya kwamba mgeni anazungumza Kiarabu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, natafuta neno moja tu. Mambo yakigoma, kuku bado ninao.