Kauboi Asiyekuwapo

Jumatatu, 3 Juni

Nimejitia kitanzi! Baba yake Kidoti, mshona suti mstaafu, anapenda sinema za kikauboi. Si zile maarufu. Anazitaka zilizochakaa, zenye mikwaruzo, ambazo hata walioziigiza wamezisahau. Anasema mle mtu husema maneno machache na kuyasimamia. Nami nataka kumwoa bintiye. Fundi Saa naye anamtaka. Leo alizitaja filamu moja baada ya nyingine, Mzee anatikisa kichwa kwa raha. Ulimi ukaniteleza: mimi ninayo “Kisima cha Mwamba”.

Haipo duniani! Nimeitunga pale pale, kikombe mkononi. Fundi Saa naye akaapa ameiona, na kauboi hufa mwishoni. Muongo mkubwa! Na siwezi kumuumbua. Mzee anataka kuiona Jumamosi.

Jumatano, 5 Juni

Kidoti ameonya: baba yake husamehe umaskini, uongo hasamehe. Nikamwambia atulie, najua ninachofanya. Sijui. Sili, silali. Nimechakura kanda kuukuu sokoni, nimepata moja isiyo na jalada. Farasi, vumbi, mwamba mmoja. Kisima hakuna. Nitazima sauti, nisimulie mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Sebuleni kwa Mzee, mapazia yamefungwa, cherehani imefunikwa. Nikasimulia. Mzee hakupepesa macho. Farasi wakanywa mtoni. Nikasema kisima kimefurika. Jasho! Kauboi akaondoka mzima. Fundi Saa akadai mwisho umekatwa.

Mzee akawasha taa. Akasema kwa upole kwamba filamu ile anaijua tangu ujana wake. Haina kisima wala jina hilo. Alinyamaza aone nani atasema kweli kwanza. Mmoja kaitunga, mwenzake kaapa kaiona! Akatufungulia mlango. Kidoti hakuniangalia. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Juni

Kidoti amepiga simu, sauti imekauka kwa kulia. Amembembeleza baba yake. Mzee atanipokea nikienda kumwambia jambo moja la kweli. Moja tu!

Nimekwenda. Nimesimama mlangoni. Mzee akauliza nina nini cha kumwambia. Nyuma yake Kidoti amekunja mikono, ananiombea.

Nikasema marehemu babu yangu ndiye aliyefuga farasi wa filamu ile.

Babu! Aliyekuwa akikimbilia juu ya meza kwa kumwogopa mbuzi! Kidoti akafumba macho. Mzee akasema nilete picha ya babu na farasi hao Jumamosi.

Natafuta farasi wa kukodi.