Msalaba Mwekundu Kwenye Mtende Wangu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Villa Tacuaral

Mheshimiwa,

Ni mimi ninayefuta ule msalaba mwekundu. Kila mara vijana wako wa bustani wanapoupaka kwenye mtende wangu ili ukatwe, mimi huusugua kwa mafuta ya taa. Nimelificha jambo hili tangu kiangazi, lakini daktari amenishauri nisihangaike kununua koti la baridi, na sipendi kuondoka na siri ndogo kama hii. Nilikufundisha biolojia, ulikaa dawati la nyuma. Niruhusu basi nieleze, kwa heshima zote, kwa nini ofisi yako haistahili kuugusa mti wangu.

1. Mkaguzi wako, Wilmar, hutembea na chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha chai ya yerba mkononi, kama sisi sote wa nchi hii. Sina ugomvi na yerba. Lakini mtu wa namna hiyo amebakiwa na mkono mmoja, na ngazi hupandwa kwa miwili. Fukusi mwekundu, mdudu huyu anayetuulia mitende, hutaga mayai juu, kwenye moyo wa mti. Wilmar huukagua kwa kuupiga teke chini. Nilipomwambia apande, alisema, "Mwalimu, nikipanda nani atanishikia kibuyu?" Nikasema nitamshikia. "Wewe? Si utakimaliza!"

2. Mliagiza mitego yenye harufu ya kuwaita fukusi, jambo jema, kisha mkaitundika kwenye mitende yenyewe ya uwanja mkuu. Mitego hiyo huwekwa mbali na miti. Wageni waliitikia mwaliko, wakaona mtego, wakaona na mtende, wakachagua mtende.

3. Mitende iliyosalimika mliikata majani mabichi ili ipendeze kwenye picha zako za sherehe ya mji. Harufu ya jani lililokatwa huwavuta fukusi kutoka mbali kuliko hotuba zako zinavyotuvuta sisi. Mitende ilipokufa mkaiangusha, mkayaacha magogo karibu na shule hadi likizo ya Wiki ya Utalii ipite, kwa kuwa wafanyakazi walikwenda ufukweni. Fukusi hawakwenda ufukweni. Walitoka kwenye magogo wakasambaa mjini.

4. Naomba kwa hiyo fukusi akabidhiwe rasmi uongozi wa Idara ya Bustani. Hupanda bila ngazi, hana likizo, na kazi akiianza huimaliza. Wilmar awe msaidizi wake, akifaulu usaili.

5. Mmemtia hofu jirani yangu, Bi Zulma. Mitende yake miwili, iliyopandwa na marehemu mumewe, imetengwa na wangu kwa ukuta tu. Sasa kila asubuhi ananipigia kelele: "Mwalimu, mtende wako umelegea kichwa kama mlevi! Utaniulia yangu!" Nilimjibu kwamba unainama kwa adabu, kitu ambacho yeye hajawahi kukiona kwa karibu. "Adabu gani, mzee wewe? Ita watu waukate!" Haya ndiyo matunda ya matangazo yenu.

Mtende huu ndio mti pekee ninaouona kutoka kitandani. Nadai upewe cheti cha afya njema, chenye muhuri, na watu wako wasikanyage tena uani kwangu.

Nisalimie wote ofisini, wanaofanya kazi na walio wengi. Msalimie Wilmar, mpe mkono ule ulio huru.

Wako, kwa subira iliyobaki kidogo,
Eleuterio Bentancor

Nyongeza: Leteni msumeno kesho. Ukiweka sikio kwenye shina unawasikia mabuu wakitafuna, kama mtu anayekula mkate mkavu chumba cha pili. Uangusheni, muusage na kuufukia siku hiyo hiyo, na mitende ya Bi Zulma ipigwe dawa kabla fukusi hawajaruka ukuta. Nimewasikia tangu msalaba wa kwanza. Nilitumaini tu kufa kabla mti haujaanguka, hasara imkute Bi Zulma mimi nikiwa sipo.