Jalada Langu na Maadui Zake

Jumatatu, 2 Juni

Jalada la toleo la mwezi ujao limekamilika! Mwimbaji na gitaa lake, mandhari nyekundu, vichwa vya habari kumi na viwili, aina saba za herufi. Msomaji anapata kila kitu kabla hata hajalifungua jarida letu la muziki. Nalitazama mwenyewe, roho inasuuzika.

Kuna kero moja. Shemeji naye ametengeneza lake. Mdogo wake mke wangu, kaingia ofisini juzijuzi, tena kazi nilimtafutia mimi! Mhariri amesema Ijumaa atachagua moja, na atakayeshindwa hatabuni jalada la mbele tena. Miaka tisa jalada hili ni langu. Sing'oki.

Jumanne, 3 Juni

Utaratibu wa hapa ni huu: majalada yanabandikwa ukutani karibu na birika la chai, kila mtu anaandika maoni kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea. Anasimama, anasoma, anafunga domo. Sheria ya kikatili!

Nimesoma. Dada wa mapokezi anauliza jina la jarida liko wapi. Fundi mitambo anasema herufi za njano juu ya nyekundu zinamuumiza macho. Mhasibu anataka kujua kwa nini mwimbaji hana paji la uso. Analo! Liko chini ya habari ya mashindano ya kwaya. Na mhasibu na muziki wapi na wapi?

Nikafunga domo. Kisha nikaenda chooni, nikajitetea mbele ya kioo mpaka mtu akagonga mlango.

Jumatano, 4 Juni

Mbinu! Jana jioni niliandika vikaratasi vya sifa kwa mkono wa kushoto, mwandiko usitambulike. Kimoja kilisema wekundu huu unasisimua damu. Kingine, aliyebuni wekundu huu apandishwe cheo. Leo nimewahi ofisini hata kabla ya mfagiaji. Kwanza nikabadilisha mandhari ikawa ya buluu, ili wale wa kuumwa macho wanyamaze. Nikachapa upya, nikabandika, na sifa zangu pembeni.

Mhariri akaja na kikombe chake. Akasoma vikaratasi. Akatazama jalada. Akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani humu ndani anayeona wekundu. Watu wakavunjika mbavu. Fundi mitambo akajimwagia chai. Shemeji peke yake hakucheka, akanisogezea kiti. Huruma yake nani kaiomba?

Nikaenda kutafuta haki nyumbani. Mama mkwe alikuwa ametutembelea. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwonyesha jalada langu. Akavaa miwani, akalitazama weee, halafu akaniuliza, baba, hii dawa inatibu nini. Mke wangu akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka huko.

Alhamisi, 5 Juni

Mhariri kaniita. Anasema vichwa vya habari vitatu vinatosha, mwimbaji naye apumue. Nikasema ndiyo, mama. Nikaviondoa tisa pale vilipokuwa, nikavihamishia kwenye gitaa: kimoja kwa kila uzi, vilivyobaki kwenye mkanda wake. Kutii nimetii. Asiniletee maneno.

Kisha nikaligeukia jalada la shemeji. Jeupe kama ukuta wa zahanati: uso, jina la jarida, maneno matatu, basi. Nikasema leo namkomesha. Nimemwandikia vikaratasi, tena kwa jina langu, ajue ni nani kamchapa. Mwimbaji anatazama nje ya ukurasa utadhani anasubiri gari. Mgeuze atutazame sisi. Jina la jarida limezama kwenye nywele. Lipandishe, lipe rangi ya hereni zake. Gitaa umelikata, watu watadhani anauza vipodozi.

Nikamchungulia akisoma. Midomo inamcheza. Kwisha habari yake! Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa! Yule kijana karekebisha kila kitu nilichoandika. Kila kitu! Bila kununa. Mwimbaji anatutazama moja kwa moja. Jina linang'aa. Gitaa lipo zima. Na jalada, inaniuma kuandika hivi, ni zuri. Zuri mno. Nilisimama mbele yake nikasahau kukasirika.

Langu lilipata kikaratasi kimoja tu, cha mhasibu, kwamba gitaa lina mengi ya kusoma kuliko jarida.

Mhariri akachagua la shemeji. Makofi. Shemeji akasema mbele ya wote kwamba bila maoni ya shemeji yake lingekuwa jalada la kawaida tu. Mhariri akanigeukia. Akasema nina jicho kali kuliko wote pale, na kuanzia leo hakuna jalada litakalochapishwa kabla sijalikosoa. Kulikosoa! Kulibuni, basi tena. Miaka tisa! Nikasema asante, mama, nikatoka kabla machozi hayajaniumbua.

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu ananitazama kwa macho ya siku za uchumba. Anasema nimemwinua mdogo wake, Mungu anizidishie. Nimemwinua? Nilikuwa namzika!

Nimekaa, nimewaza, nimegundua nilipoteleza. Nilimkosoa! Ukimkosoa mtu wa namna ile unampa silaha. Sasa nabadilisha mbinu. Kila atakacholeta, nitakisifu. Safi sana, shemeji! Usiguse hata nukta, shemeji! Nitamsifu mpaka aharibikiwe kabisa, na jalada lirudi kwa mwenyewe.

Maana mimi kazi yangu haijasifiwa na mtu hata siku moja, na tazama nilivyo hodari!