Wahojiwa Wangu Themanini

Jumatatu, 4 Machi
Zimebaki siku kumi na moja kukabidhi tasnifu ya shahada ya uzamili. Usimamizi wa rasilimali watu na utawala wa umma. Mada: ari ya kazi katika ofisi yetu wenyewe. Niligawa hojaji themanini. Zimerudi kumi na moja. Moja ina malalamiko ya choo cha ghorofa ya pili, mbele na nyuma. Nyingine imerudi imefungiwa karanga.

Mwenye Tai, mwenzangu kazini na chuoni, amekusanya tisini na saba. Alinitajia idadi hiyo kabla hata ya salamu. Anapita meza kwa meza, anasubiri watu wajaze. Mtu wa namna hiyo hana kazi ya kufanya.

Jumatano, 6 Machi
Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Nimejaza sitini na tisa mwenyewe. Kalamu tatu za rangi tofauti. Mkono wa kushoto kwa watumishi wa makamo. Tano nimezimwagia chai kidogo, zionekane zimepita ofisini.

Mke wangu alisimama mlangoni, akazitazama. Akauliza mbona watu wote hawa wanakosea neno "uwajibikaji" mahali pale pale. Nikamwambia ni tatizo la mfumo wa elimu. Akasema basi huo mfumo unywe dawa ulale, akaenda zake.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi wangu chuoni, Daktari, hakufurahi. Amesema kila idara yangu ina ari ya wastani. Wastani si utafiti. Nimletee jambo.

Nimempelekea jambo. Nimechagua masjala, kile chumba cha mafaili mwisho wa korido. Asilimia sitini na nne ya watumishi wa masjala hukaa bila kazi zaidi ya saa nne kwa siku, na wako tayari kuondoka kwa hiari. Kwa nini masjala? Hawana wa kuwasemea. Pia Mama Mafaili, mkuu wao, hana muda wa kusoma tasnifu. Mchana anahangaika na mafaili, jioni na mumewe. Mzee anasafishwa figo mara mbili kwa wiki, kwa bima ya kazi ya mkewe.

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kuandika barua ya serikali nilipoajiriwa. Lakini sikumtaja kwa jina. Siri za wahojiwa nazilinda.

Jumanne, 2 Aprili
Nimetetea tasnifu. Mwenye Tai alikaa safu ya mbele, akanyoosha mkono. Akauliza masjala yenye watu tisa imetoaje wahojiwa kumi na wanne. Nikajibu nimewahesabu walio likizo na waliohama. Akaanza kuuliza waliohama wanakaaje bila kazi mahali wasipokuwepo. Daktari akatazama saa, akasema chai imeshafika.

Nimefaulu. Sikukaa na Mwenye Tai kwenye picha ya pamoja. Nilimsogeza nyuma ya nguzo.

Jumatatu, 15 Aprili
Mkurugenzi ameniita. Tasnifu yangu ilikuwa mezani kwake, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Ameagizwa kupunguza watu na alikuwa hajui aanzie wapi. Amesema sasa ana ushahidi wa kisayansi. Akanipa mkono.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushikwa mkono na mkurugenzi. Ana vidole vya baridi.

Alhamisi, 25 Aprili
Barua sita za kuachishwa kazi, zote za masjala. Nimeambiwa nizipeleke mimi, kwa kuwa ndimi mtaalamu.

Mama Mafaili alikuwa juu ya ngazi, anarudisha mafaili kwenye rafu. Akashuka, akapangusa mikono, akasoma barua mara mbili. Bima inakoma mwisho wa mwezi. Akaniomba nikae. Hakupandisha sauti.

"Humu tuko tisa, mwanangu," alisema. "Nimewauliza wote. Wewe ulimuuliza nani?"

Nilimwambia miiko ya utafiti hairuhusu kutaja wahojiwa. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akapanda ngazi tena, kwa sababu mafaili mawili yalikuwa hayajarudi mahali pake.

Ijumaa, 26 Aprili
Sikula asubuhi. Nimeamua kusema ukweli. Nimeandika karatasi ya mistari minne: data nilibuni, barua zirudishwe, nisamehewe. Nikaenda kwa mkurugenzi nayo mfukoni.

Sijafungua mdomo, akaniambia nafasi ya mkuu wa utumishi iko wazi na anamtaka mtu anayethubutu. Akauliza mimi nilikuwa na shida gani.

Nikasema nimekuja kumshukuru.

Karatasi nimeichana chooni, ghorofa ya pili. Malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Maji hayatoki kabisa.

Jumatano, 22 Mei
Mume wa Mama Mafaili amefariki. Nimeambiwa alikosa huduma wiki tatu. Nimeketi katika ofisi yangu mpya ya mkuu wa utumishi, mlango umefungwa, sikufanya kitu mpaka saa ya kutoka. Mwenye Tai amepita kuchangisha watu wa kwenda msibani. Wengi wana vikao.

Jumapili, 26 Mei
Nimekwenda kumpa pole. Viti vingi vya kukodi, watu wachache. Mama Mafaili alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Wakubwa wa kazini, umekuja peke yako." Nilitaka kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Ila Daktari amekubali nianze uzamivu. Mada yangu ni familia za watumishi walioachishwa kazi, na anataka mahojiano ya ana kwa ana, si hojaji tena. Na mimi nilikuwa pale, ana kwa ana. Bahati haiji kila siku. Nikatoa daftari taratibu, nikamuuliza anayaonaje maisha tangu utaratibu ule upite.

Alinitazama. Akatazama daftari. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimeandika: mhojiwa wa kwanza, mwanamke, miaka hamsini na saba. Hana malalamiko.