Tafadhali Subiri, Bosi Yuko Kikaoni

Sadoki aliziona simu za mezani, zile za kutumia intaneti, zimetupwa nyuma ya ofisi moja ya umma, boksi zima, zote zinafanya kazi. Wakubwa walikuwa wamenunua mpya. Wakubwa wetu huchoka na kitu kabla kitu chenyewe hakijachoka, maana kodi si yao.

Akazibeba hadi nyumba aliyopanga Njiro, akazichomeka kwenye intaneti ya nyumbani. Namba moja, simu nyingi: ukipiga, sauti ya Namnyaki, msaidizi wake, inakuambia bonyeza moja mapokezi, mbili mkurugenzi, tatu uhasibu. Sebule ikawa shirika la kuuza viwanja vya hoteli kando ya maziwa ya Momela, ndani ya hifadhi, mahali ambapo hata nyati hana hati.

Mwanzoni biashara ilidoda. Sadoki alipokea simu papo hapo, kwa adabu, na wateja wakakata. Namnyaki, aliyewahi kukaa mapokezi ya ofisi ya kweli, ndiye aliyegundua kosa.

"Kaka Sadoki, ofisi gani inapokea haraka hivyo? Wasubirishe. Sema bosi yuko kikaoni."

Wateja wakawekewa muziki wa kinanda. Imani ikarudi.

Ndipo akanasa Mzee Reginald, mkubwa mstaafu aliyesubirisha wananchi ujana wake wote. Alikaa na kinanda sikioni asubuhi nzima, na alipounganishwa hakuwa na shaka hata chembe. Akaomba apewe kiwanja kikubwa kuliko vyote, wengine waambiwe vimekwisha. Sadoki, kwa sauti nzito ya mkurugenzi, akalisikitikia taifa kidogo, kisha akakubali. Mzee angelipa kesho, kwa mkupuo.

Kwa hela hiyo Sadoki angefungua duka la vipuri Moshi, lake peke yake. Namnyaki angepewa nauli na asante. Ndivyo alivyomtambia rafiki yake kwa simu ya mkurugenzi, akasahau kwamba mapokezi husikia yote.

Jioni Namnyaki akamwambia, "Kaka, jogoo wa jirani anawika mpaka uhasibu. Simu hii ya uhasibu nikakae nayo kwangu Levolosi. Nikiichomeka kwenye intaneti, tatu italia hukohuko."

"Una akili sana wewe," Sadoki akamsifu, akambebea hadi getini.

Asubuhi Mzee akapiga. Mkurugenzi akamuunganisha na uhasibu, akakata upande wake kama bosi mwenye shughuli nyingi. Uhasibu ukampa Mzee namba ya kulipia, naye akalipa.

Hadi mchana, Sadoki hakuona hela. Simu ya mkononi ya Namnyaki haikupatikana. Akachukua simu ya mapokezi, akapiga namba ya shirika lake mwenyewe, akabonyeza tatu. Kinanda kikapiga, kisha ikaja ile sauti tamu, ya kurekodiwa:

"Mhasibu yuko kikaoni. Tafadhali endelea kusubiri."

Pembeni, simu ya mkurugenzi ikaanza kulia. Mzee Reginald huyo, anataka hati yake. Sadoki hakuigusa. Alishika mkono wa simu ya mapokezi sikioni, akasikiliza kinanda, akasubiri kama mwananchi.