Barua ya Bibi wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi
Haya, mpekuzi wangu kipenzi, umeshalifungua daftari langu, basi soma. Habari kubwa! Kampuni inapeleka fundi mmoja kule zinakotengenezwa lifti zetu. Miezi mitatu! Mwaka jana nilikwenda mimi, wiki sita tu, na tangu nirudi mwili upo hapa, roho iko kule. Kule muuza mikate alikuwa ananiwekea kipande cha mwisho, kile kigumu, bila kuombwa. Bibi wa Ghorofa ya Nne, niliyepanga chumba kwake, alininunulia viatu vya ndani vya saizi yangu, akaviacha mlangoni. Na karakana ya kule niliulizwa naonaje. Mimi! Niliyejifunza lifti kwa kufungua za watu bila ruhusa! Hapa naulizwa spana iko wapi.

Sharti: ulete barua ya mwenyeji atakayekupokea. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Mpinzani wangu ni mmoja, fundi mwenzangu, tunamwita Kamusi. Anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Jumanne, 4 Machi
Bibi nilishamwandikia mwezi uliopita, tetesi zilipoanza. Kimya. Simu hapokei, alishaniambia simu ni za wagonjwa. Kamusi anadai mwenyeji anaye, binamu wa rafiki wa mtu. Anapita kwenye korido akisalimia watu kwa lugha ya kule. Anasalimia vibaya! Nikamwambia. Akasema wivu utaniua kabla ya viza. Watu wakacheka. Sijaona cha kuchekesha.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Bibi angeandika tu, si ndiyo? Kinachomchelewesha ni uzee. Basi namsaidia. Nimeiandika barua yake mimi mwenyewe, kwa lugha ya kule, nimejifungia chumba cha mashine saa ya chakula. Mwandiko nimeutetemesha. Nimeisoma mara mbili, machozi yakanitoka. Anavyonipenda yule bibi!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Aibu tupu. Jana nilimkabidhi Meneja ile barua, leo kaniita. Mama huyu aliishi kule miaka minne. Nilisahau! Akaisoma kwa sauti, akitafsiri, mlango wazi, na Kamusi yuko nje anajifanya anakaza swichi. “Mjukuu wangu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.”

Akavua miwani. Akauliza huyu bibi alisoma shule gani ya msingi, ya kwao au ya kwetu? Miaka minne kule, kasema, hakuna aliyemwandikia kwamba ni mzima wa afya. Wanaandika shida, wanatia sahihi, basi. Nikajitetea kwamba bibi nimemwambukiza mimi mtindo wetu. Akaendelea mpaka mwisho: “Nisalimie wote wanaonijua na wasionijua.” Nje Kamusi akapaza sauti: “Zimefika, Bibi! Shikamoo!”

Sijafukuzwa. Meneja kasema kazi yangu ni nzuri kuliko barua zangu. Ila barua ya kweli ifike, mwisho Ijumaa ijayo, la sivyo anakwenda Kamusi. Na ole wangu niguse kalamu.

Jumatatu, 10 Machi
Karakana nzima inaniamkia shikamoo Bibi. Watu wenye wajukuu wao! Nimeitikia marahaba, ningefanyaje?

Jioni kwa dada, sanduku la posta ni lake. Tupu. Dada akauliza kule kuna nini ambacho hapa hakipo. Nikasema kuna watu wanaoniuliza naonaje. Akasema haya, mdogo wangu, unaonaje, vyombo vile utaviosha saa ngapi?

Alhamisi, 13 Machi
IMEFIKA! Stempu ya kule, mwandiko wake halisi, na hautetemeki hata kidogo. Mistari mitatu: “Chumba kipo. Lifti yetu imekwama tangu Januari, posta nimeshuka kwa miguu. Aje, namngoja yeye, simtaki fundi mwingine.”

Nimeisoma nimesimama pale pale posta. Nikakaa. Ananingoja! Ghorofa nne, magoti yale!

Nikaenda mbio kumpelekea Meneja. Nusu ya njia nikasimama. Hebu itazame barua yenyewe. Kavu! Haina hata muhuri. Nani ataamini karatasi isiyo na muhuri, tena kutoka kwangu? Kalamu nimekatazwa, sawa. Muhuri si kalamu. Nikapita kwa mchonga mihuri. Mtu hodari, kamaliza kwa saa moja: duara, katikati kajilifti, pembeni BIBI WA GHOROFA YA NNE, IDARA YA MAPOKEZI. Nimegonga mara tatu, mara moja kila mstari, ili pasibaki shaka.

Wino unakauka. Kesho asubuhi naipeleka mezani kwake. Mpekuzi wangu, sema kweli: wewe ungeipeleka hivi hivi, bila muhuri?