Tawi Kuu Halijaguswa

Umma ulitangaziwa, kwa furaha na kwa vipaza sauti, kwamba Idara ya Uunganishaji wa Mabadiliko imemaliza mwaka mzima bila kuunganisha badiliko hata moja. Migongano: hakuna. Makosa mapya: hakuna. Mkurugenzi wa idara, ambaye mtaani wamemzoea kwa jina la Bwana Subiri, aliyasoma hayo jukwaani, koti limembana tumbo, na kila aliposema "hakuna" alinyamaza kidogo ili apigiwe makofi. Akavishwa nishani.

Kwa asiyejua: programu inayoita namba kwenye foleni za ofisi zote za umma ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuurekebisha, kisha kurudisha marekebisho yake yaunganishwe kwenye tawi kuu, yaani toleo rasmi. Zamani mafundi waliunganisha wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi kosa limeonekana, jioni limeshatengenezwa. Vurugu tupu! Ndipo akaletwa Bwana Subiri aweke utaratibu, na utaratibu ukawekwa mpaka basi.

Tawi kuu alilipenda kweli, kama mwenye nyumba anavyolipenda kochi ambalo bado halijavuliwa nailoni. Aliunda kamati ya kulilinda. Kamati ikafanya ziara ya kulikagua: wakaingia chumba cha mitambo, wakatazama vitaa vya kijani vikimetameta, mjumbe mmoja akauliza tawi lenyewe ni lipi, akajibiwa kwamba ni yote. Wakapiga picha ya pamoja, wakaondoka wameridhika sana.

Mwaka huohuo alikuja nesi wa zahanati, mama mmoja asiye na makuu, aliyejifunza msimbo mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hoja."

"Skrini ikiita namba, inangoja sekunde kumi tu, halafu inasema hayupo. Mama yangu mdogo anatembelea mkongojo. Kabla hajanyanyuka kwenye benchi ameshapitwa. Karudi nyumbani bila dawa sijui mara ngapi, na presha inampanda. Nimeandika mistari mitatu, programu imngoje mtu mpaka afike. Naomba iunganishwe."

Bwana Subiri aliisoma ile mistari kwa huruma ya kiofisi. "Mitatu leo. Kesho mtaleta minne. Upembuzi yakinifu umefanyika? Wadau wameshirikishwa? Na hii mistari, imetambulishwa na nani?"

"Mzee, mama atakufa kwenye foleni."

"Basi atakuwa amekufa kwa utaratibu. Subiri, tutakuita."

Nesi akatoka analia kwa hasira. Hakusubiri. Programu ni huria, bwana: akachukua nakala ya msimbo wote, akatia mistari yake mitatu, akaiweka hadharani. Zahanati zikaichukua. Zikafuata posta, maji, mpaka mahakama. Bwana Subiri alipopata habari alitoa waraka mkali: nakala hiyo ni ya wahuni, viongozi watahudumiwa kwa tawi kuu pekee, na kiongozi atakayeonekana kwenye foleni ya wahuni ajihesabu hana kazi.

Sasa turudi jukwaani. Nishani ikiwa kifuani, Bwana Subiri akawa anashuka huku anapunga mkono, asiangalie ngazi. Puu! Goti likamgeuka.

Wakambeba hadi zahanati ya karibu. Nesi ni yuleyule. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na mabenchi ya watu wote, upande wa pili Dirisha la Viongozi, lenye skrini yake ya tawi kuu na kochi moja laini la kuzama. Akazamishwa humo, peke yake, akapewa namba moja.

"Namba moja," skrini ikaita. Bwana Subiri akashika mkono wa kochi, akajisukuma, goti likapiga kelele, akarudi chini. "Hayupo. Anayefuata."

"Nipo!" akasema.

Anayefuata hakuwepo, kwa hiyo akapewa yeye tena. Namba mbili. Safari hii alifika nusu ya kusimama. "Hayupo." Namba tatu ilimkuta anamfokea karani wake kwenye simu: "Unganisheni ile mistari mitatu, sasa hivi!"

"Haiwezekani, mzee. Kamati haijakutana."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti ni wewe, na hupo."

"Hayupo," ikasema na skrini. Foleni ya mtu mmoja, na bado alipitwa.

Kule kwenye mabenchi mama mdogo wa nesi, yule bibi mwenye mkongojo, aliitwa. Alijikokota taratibu mpaka dirishani, na skrini yao ikamngoja kimya. Aliporudi na dawa yake alisimama mbele ya kochi.

"Pole, baba. Hamia kwetu. Sisi huku tunangojwa."

Bwana Subiri alimtazama nesi. Jasho lilikuwa linamtoka, na haya zimemshika. "Nikikaa huko, waraka wangu mwenyewe unanifukuza kazi."

"Usiogope, mzee," nesi akamjibu huku anamshika kwapa kumwinua. "Tawi kuu limeshasema mara tatu. Wewe leo hukuja hapa."

Wakamsogezea nafasi kwenye benchi, kati ya bibi na fundi viatu mwenye kikohozi. Akaitwa, akachechemea, ukumbi mzima ukamngoja, goti likafungwa.

Jioni Dirisha la Viongozi lilituma taarifa yake wizarani: waliofika, hakuna, malalamiko, hakuna, foleni, hakuna. Wizara ilifurahi mno, na kesho yake Bwana Subiri akapokea barua ya kumpongeza. Ametunukiwa nishani ya pili. Aje aipokee jukwaani, ngazi zilezile, na kwa heshima ya mafanikio yake ataitwa kwa skrini ya tawi kuu.